Benchi la Babu, Mkeka wa Bibi

Nilikuwa kimya kidogo. Nilipanda Tukuyu kumwona bibi, na kama unaifahamu Tukuyu unajua kwamba mvua ikiamua kunyesha haikuulizi una ratiba gani. Siku nne nzima nilikaa jikoni kwa bibi naota moto, nakula ndizi na kupiga soga. Nimerudi Dar na mambo mengi kichwani, lakini leo naomba tuzungumzie moja tu: kukaa. Ndiyo, kukaa kitako. Usicheke, nitakueleza.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilipopanga nyumba yangu ya kwanza yenye sebule (wenzangu mliotoka kwenye chumba kimoja mnanielewa) niliapa kwamba sitanunua seti ya makochi makubwa yanayojaza nyumba mpaka mgeni apite ubavu. Nilitaka vitu vya zamani. Siku hizi ndiyo mambo yenyewe, kila kijana aliyepata kazi ya maana anatafuta kiti cha babu wa mtu mwingine. Nikaenda dukani, nikaoneshwa kiti cha mbao chenye makalio ya kusukwa, nikaambiwa ni "cha Mjerumani, kimetoka Nyanda za Juu Kusini". Mimi mtu wa Rungwe nikasikia moyo unaruka. Nikalipa hela ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mama yangu husoma.

Wiki ya pili mguu ukalegea. Fundi wa mtaani akakipindua, akakitazama, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Dada, Mjerumani gani huyu aliyetumia skrubu za nyota?" Nikaenda kusoma. Skrubu za nyota, zile zenye alama ya kujumlisha kichwani, zilianza kutumika viwandani Marekani katika miaka ya 1930. Wajerumani walishaondolewa Tukuyu mwaka 1916. Nilikuwa nimepigwa, tena kwa ushahidi.

Basi ndiyo nikaanza kujiuliza: hivi mimi najua nini kuhusu viti vya kwetu? Nikagundua sijui kitu. Na jambo la ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe imejaa kukaa. Anayeongoza mkutano ni mwenyekiti. Mkutano wenyewe ni kikao. Mtu wa mahali ni mkazi. Hata tukitaka kujua mtu anaishi wapi tunamuuliza, "Unakaa wapi?" Watu wenye lugha kama hii hawawezi kuwa hawana historia ya kukaa.

KUWAMBA SI UGENI

Kwanza tuondoe dhana kwamba kiti cha kusukwa kililetwa na mkoloni. Pwani yetu ilikuwa na kitanda cha kamba zamani sana, na ushahidi uko kwenye maneno. Miguu ya kitanda inaitwa matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati. Za kichwani na miguuni ni vitakizo. Na ile kazi ya kupitisha kamba huku na huku mpaka ikaze haiitwi kusuka tu, inaitwa kuwamba, neno lilelile tunalotumia kwa ngozi ya ngoma. Kamba hulegea kwa uzito wa watu, inabidi ikazwe tena, ndiyo maana kuna kitanda ambacho watu wa Pwani walikipa jina la teremka-tukaze. Hebu lirudie taratibu ulisikie. Mtu kalala zake, anaambiwa shuka kwanza tukaze!

Neno hilo moja lina somo kubwa kwa anayenunua kitu cha zamani: kamba iliyolegea si ubovu. Kitu kilichowambwa kimetengenezwa ili kikazwe tena na tena. Fremu ndiyo mali, kamba ni nguo tu.

Pwani hiyohiyo, Lamu, Pate, Mombasa na Zanzibar, ndiko kilikotengenezwa kiti cha enzi. Hiki ni kiti kirefu cha mbao nyeusi kilichopambwa kwa pembe za ndovu au mifupa, chenye mahali pa kuwekea miguu, na makalio na mgongo wake umewambwa kwa uzi. Ukifika Makumbusho ya Lamu utakiona. Wataalamu wanabishana umbo lake lilitoka wapi. Wengine wanasema Misri ya Mamluk, wengine Wareno, wengine India. Ninachojali mimi ni kwamba kilikuwa kiti cha mtu mmoja. Mgeni wa heshima anakaa, wengine wanamzunguka.

Ulaya nako hawakuanza wao. Henzirani za kusukia viti zilifika huko kutoka Asia katika karne ya 17, kwa meli za biashara. Kisha mwaka 1859 Michael Thonet wa Vienna akatoa kiti chake namba 14, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke na makalio ya henzirani. Kilikuwa kinafunguliwa vipande, na viti 36 vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Ndicho kiti cha migahawa ya Ulaya unachokiona kwenye sinema. Vingi vinavyouzwa mijini kama "vya kale" ni wajukuu wa mbali wa kiti hicho. Si vibaya, lakini si vya Rungwe.

Sasa vya Rungwe ni vipi?

CHUNGU KIKO CHINI

Joseph Thomson, Mskoti, alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivutiwa mno na vijiji vya Wanyakyusa: nyumba safi za mianzi ndani ya migomba, mahali pamefagiliwa. Miaka zaidi ya 50 baadaye wakaja mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, wakafanya utafiti wao kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu alichokiita Good Company. Jina hilo ni jaribio lake la kutafsiri neno la Kinyakyusa, ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja na wenzako, kuzungumza, kula na kunywa pamoja.

Ukwangala haukuwa starehe ya pembeni. Vijiji vyenyewe vilijengwa juu yake. Wavulana wa umri wa miaka kama kumi na kidogo waliondoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakakua humo pamoja, wakaoa, wakazeekea humo. Jirani yako hakuwa kaka yako wa damu, alikuwa rika lako. Mwanamume aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Sasa watu hawa walikaa juu ya nini? Jibu liko kwenye kimpumu. Kama hujawahi kukiona, kimpumu ni pombe ya ulezi ya Wanyakyusa. Chungu kinawekwa katikati, kinamiminiwa maji ya moto, na watu wanafyonza kwa mirija, kila mtu na zamu yake au mrija wake. Fikiria hesabu yake. Chungu kiko chini na mrija una urefu wake. Ukikaa kwenye kiti cha mezani, ambacho kimo chake ni kama sentimita 45, utainama mpaka mgongo ulie. Kwa hiyo unakaa chini: kigoda kifupi, mkeka, gogo, hata jani la mgomba. Na kwa kuwa chungu ni kimoja, mnakaa mduara. Hakuna wa mbele wala wa nyuma.

Lakini nisikudanganye kwamba ilikuwa pepo. Mduara ule ulikuwa wa wanaume. Wanawake walikuwa na yao, na mke aliyeolewa alikuwa na mzigo mkubwa zaidi, wa kumwepuka baba mkwe. Kwa mila hiyo, mkwe hakutakiwa kumtazama baba mkwe wake, wala kukaa naye mahali pamoja, wala kutaja jina lake. Hata maneno yanayofanana na jina lake aliyaepuka, akatafuta maneno mengine. Tabia hiyo ya lugha inaitwa ingamwana. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

MDUARA UKAWA MSTARI

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika wakaanzisha kituo chao Rungwe. Mwaka huohuo wale wa Berlin Mission wakaanzisha chao, wakakiita Wangemannshöhe. Kanisa la Moravian kiini chake ni Herrnhut, Ujerumani, na ukumbi wao wa ibada kule unajulikana kwa jambo moja: mabenchi meupe ya kawaida kabisa, yamepangwa safu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Hakuna mapambo. Benchi tu.

Nasi tukapata benchi. Kanisani benchi, shuleni benchi, zahanati benchi. Mtu akilitazama kwa haraka anaona ubao juu ya miguu minne. Lakini benchi lilibadilisha jinsi watu wanavyotazamana. Kwenye chungu cha kimpumu unamtazama mwenzako usoni. Kwenye benchi wote mnatazama mbele, kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa dokta. Unayekaa naye unamwona bega.

Sisemi benchi lilikuwa baya. Kwa mara ya kwanza binti na mtoto wa chifu wangeweza kukaa kwenye mbao za kimo kimoja wakisikiliza neno moja. Hilo si dogo. Nasema tu kwamba hakikuwa kifaa cha kupumzisha miguu peke yake.

Kisha kulikuwa na boma. Wajerumani walianza na kituo chao Langenburg, ziwani, halafu wakapanda juu kwenye baridi wakakiita kipya Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua. Wakoloni walibadilishana bendera, lakini ofisini mpangilio ulibaki uleule: bwana mkubwa amekaa, aliyeitwa amesimama. Wazee wetu walijifunza kwamba kiti ni cheo, na kwamba mtu akipata uwezo, kitu cha kwanza anachotakiwa kuwa nacho nyumbani ni mahali pa kumkalisha mgeni.

BABU NA WENELA

Hapa naingia nyumbani kwetu. Kwenye sebule ya bibi kuna benchi. Ni refu kiasi cha watu watatu kukaa bila kugusana, lina mgongo wa mbao nyembamba zilizosimama, na makalio yake si ubao, ni kanda za ngozi ya ng'ombe zilizowambwa kama ukili, zikapitishwa kwenye matundu pembeni mwa fremu. Nimelala juu yake nikiwa mtoto. Sijawahi kuuliza limetoka wapi. Nilidhani kila nyumba inalo.

Babu alikwenda migodini. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda: kwanza Lupa, kwenye dhahabu ya Chunya, wengine Copperbelt ya Zambia (wakati huo Rhodesia Kaskazini), na wengine mbali zaidi mpaka Johannesburg kupitia kampuni ya kuandikisha vibarua iliyoitwa WENELA. Mlango wa WENELA ulifungwa baada ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961. Babu alipita kabla haujafungwa, miaka ya 1950.

Mabenchi ya kuwambwa kwa kanda za ngozi ni ya kawaida sana Afrika Kusini. Makaburu wanazo kwenye varanda zao tangu enzi za wazee wao, na kanda zenyewe wanaziita riempie. Bibi anasema babu aliliona benchi la aina hiyo nje ya ofisi fulani huko, akalipenda, akalitazama kila siku. Hakulikalia. Mwaka 1953 Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kutenganisha huduma za umma kwa rangi, na mabenchi ya bustanini na stesheni yakaandikwa kabisa kwamba ni ya Wazungu tu. Babu alikuwa anashuka chini ya ardhi kuwachimbia dhahabu, akipanda juu hawezi kuweka makalio yake kwenye ubao.

Aliporudi Tukuyu na akiba yake, wenzake walinunua baiskeli. Yeye akamwendea fundi seremala aliyejifunzia kazi misheni, akamchorea kwenye vumbi, akasema nitengenezee hili. Likatengenezwa. Akaliweka sebuleni, akakaa.

Niliposimuliwa haya nilishikwa na fahari ambayo siwezi kuieleza. Nikasema benchi hili ni uhuru wenyewe. Kisha nikamtazama bibi. Alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka.

"Bibi, shikamoo tena. Mbona sijawahi kukuona umekalia hili benchi?"

"Marahaba. Hilo ni la wageni, mke mwenzangu." (Bibi huniita hivyo tangu nizaliwe, eti babu ni mume wetu wote wawili.)

"Lakini wewe ni mwenye nyumba."

Akacheka. "Unajua nani alikuwa analikalia kila jioni? Baba mkwe wangu. Akija, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Mahali alipokaa baba mkwe mimi nipitishe makalio yangu? Ningeambiwa nimerogwa."

"Na alipofariki?"

Akafikiri kidogo. "Mwili ulikuwa umeshazoea chini."

Basi. Zaidi ya miaka 60 benchi liko ndani ya nyumba yake, kalifuta vumbi kila asubuhi, hajalikalia hata mara moja. Babu alikataliwa benchi kwa sheria. Bibi alikatazwa kwa heshima, na heshima haina siku ya kupata uhuru. Sijui kama babu aliwahi kuliona hilo. Sidhani.

MTU WA NOAH

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Siku ya tatu baba mdogo alikuja na habari kwamba kuna mtu anazunguka vijijini na gari aina ya Noah ananunua vitu vya zamani: vigoda, vinu, milango, mabenchi. Alikuwa ameliona benchi letu na anatoa viti sita vya plastiki, vipya, kwa kubadilishana.

Nilipandisha sauti. Nikasema mambo ya urithi, mambo ya historia. Nikamweleza kwamba kiti kizuri sana cha mtemi wa Kinyamwezi, kutoka Buruku, kiko Berlin tangu mwishoni mwa karne ya 19, na sisi tunakiona kwenye picha. Nikamwambia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya jadi, na havipelekwi nje ya nchi bila kibali. Nilitema vitu, wenzangu.

Baba mdogo akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwanangu, kukiwa na msiba hapa, benchi lile linakalisha watu watatu, tena wanaume. Viti sita vinakalisha watu sita, na hakuna anayeuliza ni nani. Wewe ulitaka kulifanyia nini?"

Nikanyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba nilishaanza kulipima kwa macho kama litaenea kwenye buti la basi. Nilikuwa nalitaka sebuleni kwangu Dar. Sasa tofauti yangu na mtu wa Noah ilikuwa nini? Yeye angalau alikuja na viti.

Na kuhusu plastiki alikuwa na hoja. Tunakidharau kiti cha plastiki, lakini tazama msibani, harusini, kwenye kikao cha kijiji: mama mkwe, mkwe, diwani, kijana wa bodaboda, wote kwenye kiti kimoja cha bei moja. Hakuna kiti cha zamani kilichowahi kutufanyia hivyo.

UKITAKA KUNUNUA, TAZAMA HAYA

Sisemi usinunue. Mimi bado napenda vitu vya zamani. Lakini baada ya kupigwa mara moja na kuaibika mara moja, nimejifunza mambo machache ambayo nakupa bure.

Kwanza, kipindue. Uongo mwingi uko juu, ukweli uko chini. Tazama skrubu kama nilivyokueleza. Tazama alama za msumeno: wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, wa mashine ya mviringo huacha mistari ya kupinda. Tazama mahali panapochakaa kwa kawaida, yaani ukingo wa mbele, mikono, na mbao za chini wanapokanyaga watu. Kitu kilichochakaa kila mahali sawasawa kimechakazwa na msasa.

Pili, tofautisha fremu na kamba. Kamba zilizokatika zinabadilishwa. Kilicho hatari ni ufa unaopita kwenye matundu ya kuwambia, maana ukikaza kamba mpya fremu inapasuka. Miguu inayotikisika si neno kama imeunganishwa kwa ulimi na tundu; inafunguliwa, inatiwa gundi, inarudishwa. Iliyopigiwa misumari juu ya misumari iache.

Tatu, wadudu. Matundu madogo yenye unga mpya chini yake ni bungua walio hai. Na kama ni kitu cha kuwambwa, chukua tochi upekue penye mikunjo na kwenye matundu, kwa sababu kunguni hawajali kwamba kiti chako ni cha kihistoria. Ukiwakuta na bado unakipenda, fungua kamba zote, zichome, usafishe fremu peke yake, kisha uwambe upya.

Nne, usiue umri wake. Ngozi usiipake vanishi, itakakamaa na kupasuka. Mbao zisugue kwa kitambaa na mafuta kidogo. Weusi wa mikono ya watu ndiyo historia yenyewe, ukiukwangua umebaki na mbao tu.

Tano, kaa. Watu wengi hununua kiti kwa macho. Meza ya kulia ya kawaida ina kimo cha sentimita 75, na kigoda au benchi fupi la zamani litakuacha na kidevu mezani. Cha chini kiwekee meza ya chini, au tumia mkeka na sinia kama wazee wetu. Walijua hesabu yao.

Sita, na hili ndilo kubwa: uliza nani alikuwa anakaa hapa, na nani alikuwa hakai. Mwenye kitu akikupa hadithi, iandike. Mlipe bei ambayo hutaona haya kumwambia mtoto wake. Kama kimetoka kwa mzee peke yake, bila nduguze kujua, kirudishe.

Nami naongeza la kujiuliza mwenyewe: nyumba yako unataka watu wakae vipi? Kiti cha enzi kimoja kinamtukuza mmoja. Mabenchi mawili yakitazamana yanaleta mazungumzo. Benchi moja likitazama televisheni ni kanisa. Vigoda vinne na meza ya chini ni ukwangala, hata kama mnakunywa soda.

LILIVYOISHA

Benchi liko Tukuyu. Halikwenda kwa Noah wala halikuja Dar. Tulikubaliana na baba mdogo: mimi nimenunua viti sita vya plastiki pale mjini, na hela iliyobaki ikamlipa mzee mmoja jirani ambaye bado anajua kuwamba ngozi. Nilimtazama akifanya kazi. Ngozi inalowekwa usiku kucha mpaka iwe laini, inakatwa kanda ndefu kwa kisu kwa kuzunguka, inawambwa ikiwa mbichi, halafu inaachwa ikauke taratibu mbali kidogo na moto. Ikikauka inajivuta yenyewe, inakaza kama ngoma. Kwa mvua ile ilichukua siku nyingi, nikaongeza siku zangu za likizo kwa kusingizia barabara. Vijana wake hawajui kazi hiyo. Nilimuuliza kwa nini, akasema hakuna anayeleta benchi.

Lilipokauka mzee akataka mtu wa kulijaribu. Baba mdogo akasogea, yule mzee akamzuia kwa mkono, akasema kwa Kinyakyusa kwamba aanze mwenye nyumba. Tukamtazama bibi. Bibi akatazama mlango wa nyuma, naapa aliutazama, kisha akainuka kwenye mkeka, akakung'uta kanga yake, akakaa. Miguu yake haikufika chini vizuri.

"Kumbe mlikuwa mnakaa hivi," akasema.

Alikaa kama dakika tano. Akasema ndaga fijo kwa fundi, akashuka, akarudi kwenye mkeka wake, kwa sababu mgongo wake umezoea huko na hana muda wa kuufundisha upya. Jioni nilipompigia simu kutoka Uyole nikisubiri basi la Dar, baba mdogo akaniambia wanawake wawili wa jumuiya wamekuja kusali na wamekalia benchi.

Na wewe mwenzangu, sebule ya kwenu nani alikuwa hakai? Ukienda likizo, uliza. Uliza mapema, kabla mtu wa Noah hajafika.